Waridi Liitwalo Lady Hillingdon: Kulitambua na Kulipanda



Watu wengi hudhani ya kuwa kujua jina la ua ni kazi nyepesi: soma kibao kilichochomekwa penye shina, basi. Nami nilikuwa mmoja wao. Palikuwa na mwaridi mkongwe katika bustani niliyopewa kuitunza, na kibao chake cha bati kilisema "Lady Hillingdon". Miaka miwili niliupalilia, nikautia samadi, nikawafundisha wanafunzi jina lake. Hata ulipochanua, ukatoa maua madogo meupe, kila moja lenye petali tano tu. Mwaridi wenyewe ulikuwa umekufa zamani. Uliobaki ni ule wa mwitu ambao juu ya shina lake ulikuwa umepandikizwa. Kibao kilisema kweli siku kilipochomekwa, lakini mti ulibadilika, na kibao hakikubadilika. Tangu siku hiyo nauliza mti kwanza, kibao baadaye.

Leo basi natumaini kuwaeleza habari za mwaridi ule nilioukosa: asili yake, dalili zake, na jinsi ya kuupanda.

Lady Hillingdon ni wa ukoo uitwao Mawaridi ya Chai. Asili ya ukoo huu ni China. Mwaka 1809 mwaridi mmoja wa namna hii, wenye maua meupe yaliyoingia wekundu kidogo, ulifikishwa Uingereza. Na mwaka 1824 ukafika mwingine wa maua ya manjano. Wazungu walifurahi sana, kwa sababu mawaridi yao mengi yalichanua mara moja tu kwa mwaka, na haya ya China yalichanua tena na tena. Wakulima wa maua wakaanza kuyachanganya. Katika shamba la maua la Lowe & Shawyer, huko Uxbridge, magharibi ya London, ulichanganywa mwaridi Papa Gontier, ambao maua yake ni mekundu kiasi, na Madame Hoste, ambao maua yake ni ya manjano hafifu. Mtoto wao ndiye Lady Hillingdon, aliyetolewa kwa watu mwaka 1910. Mwaka 1917 Mwingereza mmoja, jina lake Hicks, alitoa aina yake ipandayo ukutani, nayo hufika mita nne na zaidi.

Sasa sikilizeni dalili zake, maana ndizo jina lake la kweli.

Kwanza, tumba. Ni refu, limechongoka, na rangi yake ni manjano ya kiini cha yai iliyoingia uchungwa.

Pili, ua lililofunguka. Petali zake si nyingi, nazo zimelegea. Jua likilipiga siku mbili tatu, rangi hupauka kama mtindi wa maziwa. Kwa hiyo usiandike rangi ya ua kwa kulitazama siku moja tu.

Tatu, kikonyo. Ni chembamba, hakiwezi kulibeba ua wima; ua huinama kama mtoto mwenye haya mbele ya wageni. Wengine huliona hilo kuwa kosa, lakini katika aina ipandayo ukutani ni jambo jema, kwa kuwa aliye chini huliona ua usoni.

Nne, majani machanga na vitawi vipya. Rangi yake ni ya zambarau bivu, kisha hugeuka kijani kilichokoza. Dalili hii huonekana hata mti usipokuwa na ua.

Tano, harufu. Si ile ya marashi mawaridi tuliyoizoea. Ni kama ya majani makavu ya chai, pakiti inapofunguliwa. Inusie asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Dalili moja haitoshi. Uko mwaridi uitwao Safrano, uliotolewa Ufaransa mwaka 1839, nao una majani machanga mekundu na maua ya manjano yaliyochanganyika na wekundu. Mtu mwenye haraka atauita Lady Hillingdon. Lakini rangi ya Safrano ni hafifu zaidi, nayo hupauka upesi. Kwa hiyo chukua daftari, andika dalili zote tano kwa muda wa mwaka mzima, kisha linganisha na mti ambao jina lake halina shaka. Picha husaidia, lakini picha haina harufu.

Na kuupanda je? Mawaridi ya Chai hayapendi baridi ya kugandisha maji. Huko Uingereza watu hupenda kuupanda chini ya ukuta unaoelekea kusini, kwa kuwa jua lao hupita upande huo. Katika nchi zisizo na baridi kali husimama wenyewe uwanjani. Chagua mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, na udongo usiotuamisha maji. Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini, na upana kadhalika. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Mwagilia penye shina, wala si juu ya majani, maana majani yakikaa na maji hupata madoa meusi. Tena usiukatekate sana. Ondoa matawi yaliyokufa na yaliyo dhaifu, mengine yaache. Ukoo huu hauvumilii mkasi mkali.

Ukitaka kuuzidisha, usipande mbegu, kwa maana mbegu huzaa mti mwingine. Kata kipande cha tawi lililokwisha kutoa ua, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimita 15 hadi 20, ukikata chini kidogo ya kifundo. Acha majani mawili ya juu. Fukia theluthi mbili kivulini, na udongo usikauke. Baada ya wiki sita hadi nane, vipande vingine vitakuwa vimetoa mizizi. Mti wa namna hii umesimama juu ya mizizi yake mwenyewe. Hata ukikatika, utakaochipuka ni uleule.

Angalieni basi: kipande hicho si mtoto wa mwaridi wa Uxbridge, ni mwaridi wenyewe. Shamba la Lowe & Shawyer halipo tena, lakini mti wao ungali hai kwa sababu watu walipeana vipande, mkono kwa mkono. Tukipeana kwa jina la uongo, wa kweli utapotea, na hakuna atakayejua kuwa umepotea.

Na jina lisipopatikana? Katika visiwa vya Bermuda yako mawaridi ya kale ambayo majina yake yamesahauliwa. Chama cha Mawaridi cha huko, kilichoanzishwa mwaka 1954, huyatunza, na mengine yameitwa kwa jina la mahali yalipoonekana. Mmoja huitwa Smith's Parish. Huo ndio uaminifu. Afadhali kibao kisemacho "Umeonekana mahali fulani" kuliko kibao chenye jina zuri lisilo lake.