Nafasi ya Valvu Katika Trekta la Zamani

Mwanachama anayevusha injini ya trekta lake kwenda Dar es Salaam, ikaundwe upya na mafundi wa Temeke au Kinondoni, hutoa fedha nyingi: nauli ya chombo, vipuri na ujira. Fedha hiyo yaweza kupotea kwa nafasi isiyofika unene wa kucha. Basi yatupasa kuijua.

Kila silinda ina valvu mbili: moja huingiza hewa, ya pili hutoa moshi. Kati ya roka na ncha ya valvu huachwa nafasi, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka. Nafasi ikikosekana, valvu haifungi sawasawa. Hewa huvuja, trekta huwa gumu kuwaka, na valvu ya moshi huungua. Nafasi ikizidi, roka hugonga na nguvu hupungua.

Injini ikifunguliwa, fundi husaga valvu na viti vyake. Hapo valvu huzama zaidi katika silinda hedi, na ncha yake husogea karibu na roka. Kwa hiyo nafasi ya zamani haifai tena, ijapokuwa hakuna aliyegusa skrubu.

Kila injini ina kipimo chake kitabuni. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, likiwa na injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, hupimwa milimita 0.30 injini ikiwa baridi, au 0.25 ikiwa moto. Fundi huzungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ifike juu, valvu zake zote mbili zikiwa zimefungwa. Hulegeza nati, hutia fila, na hugeuza skrubu mpaka fila ipite kwa kukwama kidogo. Kisha hukaza nati na kupima tena. Halafu huzungusha theluthi mbili za mzunguko kwa silinda ya pili, na vivyo hivyo kwa ya tatu.

Kazi bado. Injini ikisha kupata moto, gasketi hujibana. Nati za silinda hedi hukazwa upya, na nafasi hubadilika. Lazima zipimwe mara ya pili.

Tunawashauri wanachama wasimalize malipo wala kupakia injini chomboni kabla ya kuona fila ikipita katika valvu zote sita. Sikio la fundi ni zuri, lakini halipimi milimita. Na mabonde yetu ya mpunga hulimwa kwa wakati wake. Mvua ya masika haimngoji mwenye trekta bovu.