Maradhi ya Muda Mrefu na Mawazo Mazito: Tibu Yote Mawili

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga sokoni Makutano. Miaka miwili iliyopita aliambiwa ana kisukari. Mwanzoni alimeza dawa kila siku na hakukosa kliniki. Kisha usingizi ukapotea. Akaanza kufungua kibanda saa nne badala ya saa kumi na mbili asubuhi, akaacha kwenda chamani, na dawa zikabaki kabatini. Nyumbani walisema amekuwa mvivu, jirani naye akasema amerogwa. Kliniki ikapima sukari, ikakuta imepanda, ikamwongezea dawa. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, unalala? Moyo wako uko aje?"

Huu ni mfano tu, lakini wengi wetu tunamjua mtu wa namna hii. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na unachoweza kufanya.

Ugonjwa mmoja huvuta mwingine

Mtu mwenye kisukari ana uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kupata sonona kuliko asiye nacho. Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hali kama hiyo huwapata pia wengi wanaoishi na saratani, ugonjwa wa moyo, figo au Virusi vya Ukimwi.

Sababu zinaeleweka. Mtu akiwa na wasiwasi kwa muda mrefu, mwili hutoa homoni zinazopandisha sukari na presha. Sonona nayo humwondolea mtu hamu ya kupika chakula kinachofaa, kutembea na hata kumeza dawa. Ugonjwa ukizidi, huzuni nayo huzidi. Ukitibu upande mmoja tu, ule mwingine hurudisha kazi nyuma.

Baada ya tukio la kutisha

Wakazi wengi wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali kama hiyo huwaachia kiwewe manusura, waokoaji na waliofiwa. Vivyo hivyo kwa mwendesha bodaboda aliyegongwa, au mtu aliyeporwa au kupigwa nyumbani.

Ndoto mbaya, kushtuka ovyo na kuogopa barabara ile ile ni mambo ya kawaida katika siku za kwanza, na kwa wengi hupungua yenyewe. Yakizidi mwezi mmoja, au yakikuzuia kufanya kazi, tafuta matibabu. Ukimsaidia aliyepatwa, usimlazimishe kusimulia yaliyotokea. Hakikisha yuko salama, amekula na ana mtu wa karibu. Akitaka kuzungumza, msikilize.

Jiulize maswali mawili

Wahudumu wa afya huanza na maswali haya kuhusu wiki mbili zilizopita:

1. Je, umekosa hamu au furaha katika mambo uliyoyapenda?
2. Je, umehisi huzuni, kuvunjika moyo au kukosa matumaini?

Ikiwa jibu la swali lolote ni "ndiyo, karibu kila siku", mweleze mhudumu. Usingoje akuulize.

Unachoweza kufanya nyumbani

- Panga siku yako kwa mambo madogo: kuamka saa ile ile, kutembea kidogo, kumeza dawa baada ya chai ya asubuhi.
- Usijitenge. Endelea kwenda chamani, kanisani au msikitini. Maombi na dawa havipingani.
- Punguza pombe. Miraa na muguka hufukuza usingizi, hupandisha presha na huongeza wasiwasi. Kama unatafuna, mwambie daktari bila kuficha.
- Usiache dawa za sonona ghafla. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu.
- Jamaa, acheni kusema "jikaze" au "wengine wana shida kuliko wewe". Muulizeni mgonjwa mtamsaidia vipi, na mpokezane zamu ili anayemuuguza naye apumzike.

Pa kupata msaada

Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji kote nchini wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Anapokuja kukupima, mweleze pia kuhusu usingizi na mawazo. Zahanati na vituo vya afya hutoa huduma ya msingi bila malipo kwa waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kujisajili, bonyeza *147#. Wanaohitaji huduma zaidi hutumwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru.

Si lazima kila mtu aonane na daktari bingwa. Katika utafiti uliofanywa pembezoni mwa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017, wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo walikutana na wanawake wenye dhiki mara tano. Waliwafundisha kutuliza mwili, kutatua tatizo moja moja na kurudia shughuli walizoziacha. Wanawake hao walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Kupata huduma hizi ni haki yako. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa kaunti wajibu wa kutoa matibabu ya akili katika vituo vyake.

Mtu akisema hataki kuishi

Mchukulie kwa uzito. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimtii wazo jipya kichwani. Usimwache peke yake. Fungia mbali dawa za kunyunyizia mimea, dawa za mifugo na vidonge vingi vilivyo nyumbani, kisha mpeleke hospitali. Familia nyingi zimenyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Anayepitia hali hiyo anahitaji matibabu.

Nambari za kupiga bila malipo

- 1199: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ushauri nasaha
- 1195: dhuluma za kijinsia
- 116: msaada kwa watoto

Na ukienda kliniki ya presha au sukari mwezi huu, usiondoke kabla ya kumwambia mhudumu moyo wako uko aje.