Samaki wa chini hawapatani ovyo: niliyojifunza kwa tangi langu Mukumu

Sisi watu wa pwani tumekulia na samaki, lakini samaki wa tangi la vioo ni elimu nyingine. Mimi nimeipata Mukumu, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ambako kazi ya ualimu imenipeleka mbali na chumvi ya bahari. Nawaandikia kwa sababu naona matangi yanazidi majumbani kwetu, na hasara niliyopata mimi inaepukika.

Nilinunua tangi la urefu wa mita moja, nikaliweka sebuleni. Mzee jirani mwenye bwawa akanipa ngege sita wadogo, hawa ambao wengi huwaita tilapia, na kambare wawili wa kimo cha kidole. Huku magharibi mabwawa si kitu kigeni. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mradi wa kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140, na ufugaji ukaenea.

Miezi ya mwanzo ilikuwa amani tupu. Kisha kila baada ya siku chache nikihesabu ngege asubuhi nakuta mmoja hayupo. Hakuna mzoga, hakuna hata mwiba. Walipobaki wawili, kambare mmoja naye akaonekana mkia umechanika. Nikamshuku paka. Nilipomweleza mzee, alicheka: "Mwalimu, paka wako yumo ndani ya maji."

Kumbe makosa yalikuwa mawili, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni kinywa. Kambare ni samaki wa usiku. Mchana hujibanza chini, na giza likiingia huzunguka akipapasa kwa sharubu zake nane. Hawindi kwa chuki. Kinachoenea kinywani mwake ni chakula, awe ngege au kambare mwenzake aliye mdogo. Yule wa kidole niliyempokea anaweza kufika zaidi ya mita moja akikomaa. Aliwapita ngege kwa ukuaji, na siku kinywa kilipowatosha, ujirani ukaisha. Wafugaji wa huku hulitumia jambo hilo kwa faida yao: ngege huzaana mno bwawani, kwa hiyo hutia kambare wapunguze vitoto. Lakini hutia kambare wadogo baada ya ngege kukua, si pamoja kama nilivyofanya.

La pili ni sakafu. Kambare wangu wawili hawakugombana kwa njaa, bali kwa mahali. Nilikuwa na mtungi mmoja tu wa kujifichia, na fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa samaki wa chini, mali si maji, ni sakafu na pango. Wavuvi wetu wanalijua hili. Mkunga hatolewi pangoni kwa mkono mtupu, na kikande akiwa na mayai chini humfukuza hata mzamiaji. Tofauti ni kwamba mwambani anayeshindwa huogelea akaenda zake. Tangini hugonga kioo, akarudi kwenye meno yale yale. Ndiyo maana ugomvi ambao baharini ungekwisha kwa dakika moja, tangini huua.

Hata samaki wa katikati ya maji hugeuka wa chini wakati wa kuzaa. Ngege dume akikomaa huchimba shimo mchangani kama bakuli, akalilinda, na kila apitaye karibu ni adui.

Basi nani akae na nani? Wako wapole, kama koridorasi, samaki wadogo wa Marekani ya Kusini ambao hupenda kundi la sita au zaidi na hawadai sakafu. Gogogo wa maziwa yetu, yule anayelia akishikwa kwa kusugua miiba yake, hustahimilika na samaki wa kimo chake akipata pango, ila vidagaa atavila. Kamongo mfuge peke yake: huuma wenziwe na wasio wenziwe.

Ukitaka kuanza, zingatia haya:

Pima tangi kwa sakafu yake. Tangi refu la kwenda juu lina maji mengi lakini samaki wa chini halimfai.

Uliza samaki atafika kimo gani akikomaa. Kimo cha siku ya kununua kinadanganya.

Mapango yazidi idadi ya samaki, na yasielekeane. Mawe, vigae au mitungi iliyovunjika inatosha.

Chakula cha wa chini kiwe cha kuzama, ukitie taa ikishazimwa, sehemu mbili tofauti, mmoja asikikalie.

Ukileta mgeni, panga upya mawe kwanza. Wenyeji wakikuta mitaa imebadilika, wote huanza sawa.

Funika tangi. Kambare huvuta hewa ya juu, na akitoka huweza kujiburura sakafuni.

La mwisho ndilo kubwa. Samaki akikushinda, usimmwage mtoni, kisimani wala kwenye mfereji. Samaki asiye wa maji yale akizaliana, hutafuta sakafu na chakula kwa wenyeji wa mto, na huko hakuna wa kumtoa. Mrudishe ulikomtoa, mpe mwenye tangi kubwa, au, kama ni wa kuliwa, mpike.

Mimi kambare wangu nimewarudisha bwawani kwa mzee. Ngege wawili waliosalia wamebaki sebuleni. Kabla ya kuwaongezea jirani yeyote, safari hii nitauliza kwanza anakua kiasi gani na analala wapi.