Je, Wajua? Safari ya Maji ya Moto

Je, wajua ya kwamba maji ya moto yatokayo Nesjavellir, nchini Iceland, husafiri ndani ya bomba la chuma kiasi cha kilomita 27, katika ardhi ya baridi na theluji, hata yakawasili mji wa Reykjavik kupasha majumba joto, hali yamepoteza nyuzi 2 hivi tu za joto lake? Siri si wingi wa moto, bali hifadhi: sehemu kubwa ya bomba imevikwa sufu ya mawe yenye unene wa sentimita 10 hivi, kisha ikafunikwa. Nawe mwenye tangi la umeme la maji ya moto nyumbani, liguse kwa hadhari upande wa nje. Ukihisi joto, fahamu kuwa umeme uliokwisha kuulipia wapotea hewani, basi livike tangi lako, na bomba lake pia.