Vumbi la kokoto na mapafu yako: Kwa nini mtambo wa kusaga mawe usiwe jirani wa nyumba

Na Daktari Wetu

Nyumba yako ya mjini, msomaji, imesimama juu ya kokoto. Zimo kwenye msingi, kwenye nguzo, na hata kwenye lami unayopita kila asubuhi ukienda kazini. Ni nadra mtu kujiuliza mawe hayo yalisagwa wapi, na ni nani aliyevuta vumbi lake. Aghalabu yalisagwa mashambani, karibu na maboma ya watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya mtambo huo mpaka siku walipoliona lori la kwanza.

Wiki hii tuzungumze juu ya ujirani huo. Tuchukue mfano wa Marafa, huko Magarini katika Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Malindi. Wengi wenu mwapajua kwa sababu ya korongo la Nyari, ambalo kuta zake nyekundu na nyeupe zimechongwa na mvua na upepo katika mchanga uliogandamana. Mahali penye ardhi ya namna hii, maji ya shida na upepo wa bahari, swali la wapi pa kuweka mtambo wa kokoto ni swali la siha kabla halijawa swali la biashara. Wakaazi wanaposema mtambo na usogezwe mbali na nyumba, je, wana sababu ya kitabibu au ni kero tu ya kelele? Sababu wanayo, na ni nzito.

Vumbi si la aina moja

Vumbi linaloonekana likitua juu ya meza si hilo la kuogopwa zaidi. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe kubwa kuliko hapo hunaswa puani, nawe ukipenga kamasi unazitoa. Zilizo chini ya mikroni 10 hupita koo na kuingia kwenye mirija ya pumzi. Zile ndogo kabisa, za mikroni 2 au 3 kushuka chini, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, ambako damu huchukua oksijeni. Huko hakuna kamasi wala kikohozi cha kuzitoa.

Mtambo wa kokoto hutengeneza chembe za kila kipimo. Jiwe hupondwa, likachekechwa, likamwagwa kutoka juu na kupakiwa kwenye lori, na kila hatua hutoa wingu lake. Chembe ya mikroni 100 ikirushwa kutoka urefu wa mita 10 hutua kwa muda usiofika nusu dakika. Ile ya mikroni 10 huhitaji kiasi cha dakika 20 kufika chini, hata kama hewa imetulia. Katika dakika hizo, upepo wa kilomita 15 kwa saa unaweza kuibeba kilomita 5. Ndogo zaidi huelea kwa saa nyingi.

Msomaji makini atauliza: Ikiwa vumbi lasafiri kilomita 5, kuna faida gani kuusogeza mtambo? Faida ni kwamba wingu hupanuka na kupungua nguvu kadiri linavyokwenda, kama moshi wa kuni unavyomliza anayepika lakini usimsumbue aliye ng'ambo ya uwanja. Anayelala karibu na mtambo huvuta vumbi zito kila siku. Aliye mbali huvuta kidogo sana. Katika maradhi ya vumbi, kiasi na muda ndivyo huamua nani ataugua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2021, linapendekeza kwamba chembe za chini ya mikroni 10 zisizidi mikrogramu 45 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Kwa zile za chini ya mikroni 2.5 kiwango ni 15. Viwango hivyo hupimwa kwa chombo maalumu, si kwa macho. Hivyo basi, mtu akikwambia "mbona leo hewa ni safi", mwombe akuonyeshe kipimo.

Madini yaitwayo silika

Mchanga wa kawaida, kwa sehemu kubwa, ni madini yaitwayo silika. Mawe ya mchanga na changarawe huwa na silika nyingi, ilhali mawe ya matumbawe yaliyo karibu na pwani huwa nayo kidogo. Jiwe zima halimdhuru mtu. Madhara huanza linaposagwa na unga wake ukavutwa kifuani.

Askari wa mwili walio ndani ya mapafu huimeza chembe ya silika kama wanavyomeza kijidudu. Lakini silika haiyeyuki. Badala yake huwaua wale walioimeza, ikatoka na kumezwa na wengine, nao wakafa. Vita hivyo visivyo na mwisho huacha makovu, na mapafu yenye makovu huwa magumu, hayakunjuki. Ugonjwa huo ndio silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, lakini likiwa zito sana mtu anaweza kuugua kabla ya miaka 5. Hauna dawa ya kuuponya. Zaidi ya hayo, tangu mwaka wa 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeitaja silika inayovutwa kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba silikosisi hujifananisha na kifua kikuu. Mgonjwa hukohoa, hukonda na kukosa pumzi anapopanda kilima, na picha ya eksirei huonyesha madoa sehemu ya juu ya mapafu. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu bila kuulizwa kazi yake, humaliza miezi 6 bila nafuu. Na maradhi hayo mawili yana urafiki. Mapafu yaliyojeruhiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi ya mawe.

Nani huumia?

Wa kwanza ni mfanyakazi wa mtambo, ndiye hasa anayekabiliwa na silikosisi. Akirudi nyumbani na nguo zenye vumbi, mkewe huzikung'uta na mtoto humkumbatia, nao wakapata fungu lao.

Jirani asiyefanya kazi huko huumia kwa njia nyingine. Mwenye pumu hubanwa mara kwa mara. Watoto wachanga, ambao mirija yao ya pumzi ni myembamba, hupata mafua na vichomi. Wazee wenye maradhi ya moyo huzidiwa, kwani chembe ndogo kabisa hupenya hadi kwenye damu na kuathiri mishipa. Wajawazito wanaovuta hewa chafu kwa muda mrefu wamo katika hatari zaidi ya kujifungua watoto wenye uzito mdogo. Macho huwasha, ngozi hukauka.

Kadhalika kuna madhara yasiyopitia puani. Vumbi lililotua juu ya mabati huoshwa na mvua hadi kwenye tangi la maji ya kunywa. Kelele za mtambo hukatiza usingizi, na kukosa usingizi hupandisha shinikizo la damu. Mashimo ya timbo yakiachwa wazi hujaa maji, yakawa mazalio ya mbu waletao malaria, na watoto huweza kuzama humo.

Kusi na kaskazi

Watu wa pwani wanazijua pepo kuliko ramani yoyote. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi huvuma kusi, kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa mchana huelekea bara.

Fikiria mtambo uliowekwa kusini mwa kijiji. Wakati wa kaskazi wanakijiji hawaoni vumbi, na mkaguzi akija Januari ataandika kwamba mambo ni shwari. Akirudi Juni atakuta vyombo vimegeuka vyeupe. Kwa hivyo kipimo kichukuliwe katika misimu yote miwili. Na kuuhamisha mtambo kutoka upande mmoja wa kijiji hadi mwingine si kuuhamisha, ni kubadilisha miezi ya kukohoa. Mahali panapofaa ni upande wa bara wa makaazi, mbali nayo, na pasiwe na shule wala zahanati kule upepo unakoelekea. Hata hapo kazi isifanywe usiku, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu waweza kurudi taratibu kuelekea baharini ukiwa na vumbi lake.

"Tutanyunyiza maji"

Hilo ndilo jibu ambalo wenye mitambo hulitoa upesi. Ni kweli kwamba maji hupunguza vumbi, nayo ni lazima yatumike penye kazi popote mtambo ulipo, pamoja na kufunika mikanda inayobeba mawe. Lakini Magarini ni nchi ya ukame. Mahali ambapo mama hupanga foleni na mitungi, hayo maji ya kunyunyizia mawe kutwa nzima yatatoka wapi? Siku maji yakikosekana, je, mtambo utazimwa? Kinga inayotegemea kitu ambacho hakipo si kinga. Kitambaa cha kufunga puani nacho hakizuii chembe ndogo, na barakoa maalumu zinazozizuia haziwezi kuvaliwa na mtoto mchanga aliyelala. Kwa jirani, umbali ndiyo kinga isiyoharibika.

Tusisahau lakini kwamba kuhama hakumwokoi mfanyakazi. Yeye huenda na mtambo. Ndiyo maana ombi la wakaazi liwe na pande mbili: mtambo usogezwe, na vijana wanaoufuata wapewe maji, barakoa zinazofaa na uchunguzi wa kifua kila baada ya muda. Hao ni ndugu zenu, si maadui.

Sheria iko upande gani?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuumia. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, mradi wa namna hii hupitia tathmini ya athari kwa mazingira na kupata leseni ya mamlaka ya NEMA, na wakaazi wana haki ya kutoa maoni. Asiyeridhika na leseni anaweza kukata rufaa kwa Mahakama maalumu ya Mazingira, yaani Tribunali, ndani ya siku 60. Udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele ni miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hivyo afisa wa afya ya umma hana sababu ya kusema hilo halimhusu.

Pwani imekwisha kuonja gharama ya kuchelewa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu kilianza kazi mwaka wa 2007 kikipakana na nyumba za watu. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake alipatikana na sumu ya risasi, aliongoza wakaazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakaazi fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa kuipangua, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo, msomaji. Hukumu ilikuja, lakini hakuna hukumu iwezayo kuitoa risasi katika ubongo wa mtoto. Vivyo hivyo, hakuna fidia ifutayo kovu la mapafu. Ukuta wenye ufa huzibwa mapema.

Ufanye nini?

Ikiwa wewe au jamaa zako mnaishi karibu na mtambo, anzeni leo kuweka daftari. Andikeni tarehe, saa mtambo ulipofanya kazi, upepo ulitoka wapi, na nani alikohoa au kubanwa. Wekeni sahani nyeupe uani asubuhi na kuipiga picha jioni. Mwombeni afisa wa afya ya umma alinganishe idadi ya wagonjwa wa kifua zahanatini kabla ya mtambo na baada yake. Ombi lenye daftari la miezi sita husikizwa kuliko maandamano ya siku moja. Wakati huo huo funikeni matangi, acheni mvua ya kwanza imwagike kabla ya kukinga maji, na mwenye pumu asikose dawa yake ya kuvuta.

Nawe uliye mjini, unapotaka kununua ploti, uliza kuna timbo gani karibu. Na ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, nenda hospitali. Ukifika, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari umewahi kufanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na nyumbani kwenu kumepakana na nini. Maneno hayo machache huweza kumwonyesha kile ambacho picha ya eksirei peke yake haiwezi kumwambia.