Upasuaji wa pua: si lazima uso uchanwe

Mama mmoja alimleta binti yake kwangu hapa Inyonga. Pua ilikuwa imeziba pande zote kwa zaidi ya mwaka, hasikii harufu, usiku analala mdomo wazi. Nilipomulika kwa tochi niliona nyama za puani, laini, zinang'aa kama zabibu zilizomenywa. Nikataja upasuaji. Mama akasema: "Daktari, huyu ana mchumba. Mkimchana uso nani atamuoa?" (Huku kwetu hata sisi maafisa tabibu tunaitwa daktari.) Wakaondoka. Waliporudi baada ya miezi kadhaa, jicho moja lilikuwa limevimba hadi limefumba, kwani usaha wa kwenye mapango ya mifupa ya uso ulikuwa umeelekea huko.

Hofu ya mama yule haikutoka hewani. Ipo njia ya kuchana kando ya pua, toka karibu na kona ya jicho hadi kwenye tundu, na kovu lake huonekana. Lakini tangu zamani matabibu walitafuta njia nyingine. Az-Zahrawi wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1013, alieleza namna ya kutoa nyama hizo kupitia tundu la pua kwa ndoano. Mwaka 1893 Caldwell wa Marekani, na mwaka 1897 Luc wa Ufaransa, walieleza njia ya kufungua pango la shavu kwa kuchana ndani ya mdomo, juu ya fizi. Kovu hubaki chini ya mdomo wa juu, hakuna alionaye.

Siku hizi hata huko mara nyingi hakuchanwi. Daktari bingwa hupitisha puani mrija mwembamba wenye lenzi na taa, unene wake kama milimita 4, akaona ndani, akaondoa nyama na kufungua vijitundu vya mapango vilivyoziba. Kazi hii ilikuzwa na Messerklinger huko Graz, Austria, miaka ya 1970, na hapa nchini hufanyika Muhimbili. Kwanza hupigwa picha ya CT scan, maana mfupa unaotenga pua na jicho, na pua na ubongo, ni mwembamba mno. Nisikufiche: nyama zaweza kuota tena, na uvimbe mkubwa au saratani huenda ukahitaji kuchanwa usoni.

Binti yule alipewa rufaa, jicho likapona alhamdulillahi, kisha akafanyiwa kwa njia ya tundu. Uso hauna alama.

Baada ya upasuaji usipenge kwa nguvu mpaka daktari akuruhusu. Na udhu? Kwa Shafii, madhehebu ya wengi wetu, kupandisha maji puani ni sunna, si nguzo, hivyo liache kwa muda. Wa madhehebu mengine amuulize sheikh wake.

Kama pua imeziba upande mmoja tu na inatoa damu, hiyo usisubiri hata mavuno ya tumbaku yaishe. Njoo wiki hii.