Waliobeba Mizigo ya Guadalcanal

Habari za Vita Kuu ya Pili katika Bahari ya Pasifiki aghalabu husimuliwa kwa hesabu ya ndege zilizoangushwa na manowari zilizozamishwa. Sisi leo twapenda kutazama chini ya mabawa ya ndege hizo, penye tope la kiwanja kimoja cha kisiwa cha Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, ambavyo wakati huo vilitawaliwa na Waingereza.

Wajapani ndio walioanza kukijenga kiwanja hicho. Wamarekani wakakiteka tarehe 8 Agosti, 1942, kabla hakijakamilika, wakakipa jina la Meja Lofton Henderson, rubani aliyeuawa Midway mwezi Juni, ambaye hakupata kukiona. Ndege 31 za kwanza zilitua tarehe 20 Agosti, na tangu hapo siku zikawa za kufanana. Walinzi waliojificha katika misitu ya Bougainville walipeleka habari kwa redio kwamba ndege za Kijapani zimepita zikitoka Rabaul, na marubani wakawa na saa mbili hivi za kupaa na kuzingoja. Mabomu yalipokwisha kudondoka, malori yaliyokwisha kupakiwa kifusi yaliondoka mbio kwenda kufukia mashimo. Petroli ilivutwa kwa pampu za mkono kutoka katika mapipa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba manowari Kongo na Haruna zilikipiga kiwanja kwa mizinga mikubwa, na petroli karibu yote ikateketea. Kulipokucha watu walikwenda kuyasaka mapipa yaliyosalia vichakani, na ndege zikaruka.

Lakini shehena haishuki melini yenyewe. Mwishoni mwa 1942 serikali ya kikoloni iliunda Jeshi la Vibarua, na wenyeji zaidi ya 3,000, wengi wao wa kisiwa cha Malaita, wakaingia humo. Walipakua meli, walichukua risasi, walichimba, na mabomu yaliwaangukia kama yalivyowaangukia askari. Ujira wao ulikuwa pauni 1 kwa mwezi. Wamarekani walikuwa tayari kulipa zaidi. Wakuu wa kikoloni wakakataa, wakichelea kuwazoesha vibaya watu wao. Ndugu zetu wanaoidhinisha mishahara maofisini tunawaomba waisome sentensi hiyo mara mbili.

Vibarua wale walikuwa na macho. Waliwaona askari weusi wa Marekani wakivaa sare na kuendesha mitambo, wakakaribishwa kula nao, jambo ambalo bwana shamba wa Kizungu hakuwa amelifanya hata siku moja. Nguo walizopewa na askari hao, mara nyingine maofisa wa Kiingereza waliwanyang'anya.

Wajapani waliondoka Februari 1943. Mwaka 1944 watu waliotoka katika Jeshi la Vibarua walianzisha Malaita chama cha Maasina Ruru, wakadai mshahara wa haki na baraza lao wenyewe. Serikali ikaanza kuwakamata viongozi wao mwaka 1947.